Uko Mahari Gani?

Waringa alipanda ngazi za Gati FM akiwa amejiandalia maneno yote. Angeacha hedifoni mezani, angesema asanteni, angeshuka. Hata kulia alikuwa amekuahirisha mpaka afike nyumbani. Kitu kimoja tu hakukipanga: kwamba angemkuta Shakir peke yake studio, amechuchumaa chini ya meza na kipande cha waya mdomoni, mikono ya shati imekunjwa mpaka juu ya viwiko.

Wanawake wengine hulegezwa na maua. Huyu wetu alilegezwa na viwiko, tangu siku ya kwanza alipomwona yule fundi akivuta nyaya ukutani, na hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Umekuja mapema," Shakir alisema, akautoa waya mdomoni. "Kipindi si ni saa kumi?"

"Sikuja kwa kipindi."

Shakir akainuka polepole, akamwangalia.

Hapo ndipo penye kazi, maana kuangaliana kwa hawa wawili halikuwa jambo dogo. Studio ile ilikatwa katikati kwa kioo. Upande mmoja alikaa mtangazaji na maiki yake, upande wa pili fundi na mitambo yake, na maiki ikiwa wazi hakuna anayeweza kusema neno. Kwa hiyo walizoea kusemezana kwa macho. Umekula? Bado. Umechoka? Kidogo. Umependeza leo. Nyamaza. Miezi ya kujifunza utangazaji, kabla Waringa hajapewa kipindi, ilipita hivyo, na yale makubwa waliyotaka kuambiana yalibaki pale kwenye kioo, hakuna aliyeyatia mdomoni.

"Nimeleta hii," Waringa alisema, akaweka hedifoni. "Mwambie Madam nimeshukuru."

Madam ni Valerie, mkuu wa kituo. Waringa hajawahi kumwita Valerie. Jina lile limeweka l na r jirani, na yeye hulikwepa kila akiweza. Shida yake yote ilikuwa hapo. Alizaliwa Kisumu na kusoma Kisumu, lakini nyumbani kwa baba yake, Mzee Kangethe wa duka la vyuma pale Kibuye, waliongea Kikuyu, na Kikuyu hakina l. Waringa akiwa ametulia, ulimi ulijua njia. Akiogopa, kila l iligeuka r, na hapakuwa na wa kuirudisha.

Na wiki iliyopita aliogopa. Ilikuwa siku yake ya kwanza hewani, kipindi cha salamu cha jioni. Simu ya kwanza ikatoka kwa mwendesha bodaboda mmoja, Nicodemus. Waringa alitaka kumuuliza yuko mahali gani. Kilichotoka ni hiki: "Karibu, Nicodemus. Uko mahari gani?"

Nicodemus hakumwachilia. "Mahari? Aah, dada, mimi bado najipanga! Lakini kama ni wewe, niambie tu kwenu wanataka ng'ombe ngapi."

Kabla jua halijazama klipu ilikuwa imeingia kila simu. Makanga wa matatu za Kondele wakaanza kusalimiana nayo. Mtu akaiwekea ngoma, watu wakaicheza. Waringa alienda sokoni kununua sukuma wiki, muuzaji akamtazama, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Unaenda wapi?" Shakir aliuliza.

"Karatina. Shangazi ana duka la vitambaa. Basi ni kesho asubuhi."

"Umekuja kuaga redio, ama umekuja kuniaga mimi?"

"Shakir, tafadhali."

"Nijibu tu. Nijue nitaumia kiasi gani."

Waringa akaangalia sakafu. Palikuwa na vipande vya nyaya za rangi zote, na aliviangalia kwa makini sana.

"Baba amesema niende," alisema.

"Kwa sababu yangu?"

"Wewe anakuita yule kijana wa waya. Anasema si wetu. Hilo ni la zamani, umelizoea."

"Nimelizoea. Hata Mama yangu ana lake." Shakir akatabasamu kidogo. Mama yake ni Rehma wa Manyatta, anayepika maandazi ambayo watu huyafuata kutoka mitaa ya mbali. "Aliniuliza, huyo msichana atafunga Ramadhani na sisi? Nikamwambia, Mama, hata sijamwambia nampenda. Akasema, basi mwambie, nijue nianze kuudhika lini."

Waringa alitaka kucheka. Kicheko kikafika shingoni kikageuka kitu kingine, na yale machozi aliyoyaahirisha yakaja bila kusubiri nyumbani.

"Nilimwambia Baba neno baya," alisema. "Jumapili. Nilikuwa nimeona hiyo klipu tena, mtu ameituma kwa grupu ya kanisa. Nikamwambia, Baba, huu ulimi ndio umeniharibia maisha, na nimeutoa kwako. Nikamwambia ningezaliwa nyumba ingine hakuna mtu angenicheka."

"Akasema nini?"

"Alienda akazima redio. Ile ya dukani, Shakir. Hiyo redio haizimwi. Hata tukiwa na matanga haikuzimwa. Akaizima, akakaa. Halafu akaniambia, nenda Karatina, kure hakuna mtu wa kukucheka." Alisema lile kure kama baba yake alivyolisema, na uso ukamkunjamana.

Shakir akavuta kiti, akamkalisha. Hakumshika mkono, ingawa mkono ulikuwa karibu na aliutaka mno.

"Mos," alisema.

Hilo ni neno la Kisumu. Wajaluo ndio wenyewe, lakini kila aliyelelewa ziwani analo, awe Mkikuyu, awe Mwislamu wa Manyatta. Ni pole, na pia ni taratibu, usijiumize. Waringa alilisikia, akapumua.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Nataka kwenda kwenye hakuna mtu anajua sauti yangu."

"Sikiliza." Shakir akachuchumaa mbele yake. "Ulikuwa Muhoroni, ukawa unaongoza matrekta ya miwa kwa simu, mwenye kampuni akauza matrekta. Kazi ikaisha. Wewe uliisha?"

"Karibu."

"Lakini hukuisha. Ukarudi nyumbani ukapima misumari kwa duka la mzee. Madam akakusikia hapo ukibishana na mteja, akakuleta hapa. Hukuwa unajua hata maiki inashikwa wapi. Leo unajua. Hizo mara zote, nani alikushika mkono? Hakuna. Uliamka mwenyewe. Hiyo kitu iko kwako, Waringa, haiko kwa ulimi. Mimi nimeisikia na haya masikio," akagusa hedifoni iliyoning'inia shingoni mwake, "na haya masikio ndiyo yananilisha."

"Unasema hivyo kwa sababu unanipenda."

Neno likawa limeshatoka. Wote wawili wakalisikia. Huko chini barabarani tuktuk ilipiga honi, ikapita.

"Eeh," Shakir alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hiyo pia."

Mlango ukafunguliwa. Madam Valerie akaingiza kichwa, simu iko sikioni, jasho liko usoni. "Waringa! Asante Mungu. Terry aliyekuwa anakushikia zamu ameshikwa na malaria, sina mtu wa saa kumi. Uko, eh? Uko." Akafunga mlango kabla hajajibiwa.

Waringa akamgeukia Shakir. "Umepanga na yeye."

"Wallahi sijapanga. Lakini kama ningekuwa na akili ningepanga."

"Siwezi."

"Moja tu. Hiki kimoja. Ukimaliza na bado unataka Karatina, nitakubebea mizigo mpaka steji na nitakuchagulia kiti cha dirishani."

Waringa alijipangusa uso kwa kiganja. Aliona aibu kulia mbele ya mtu aliyetoka kumwambia eeh, hiyo pia.

"Kwa sharti," alisema. "Nikikuangalia, funga maiki. Usiniulize, usingoje. Nikikuangalia tu, funga, weka wimbo, na mimi nitoke kwa huo mlango nisirudi."

"Ukiniangalia?"

"Kwa macho."

"Kwa hivyo kipindi chote huwezi kuniangalia?"

"Kipindi chote."

"Wewe mwanamke una roho ngumu."

"Apa."

Shakir akaweka mkono kifuani. "Naapa. Ukiniangalia, nafunga."

Saa kumi ilipogonga, taa nyekundu ikawaka. Waringa alikuwa amechagua mahali pa kutazama, doa la chai kwenye godoro la ukutani linalozuia mwangwi, na akalikazia macho. Alisema karibuni. Alisema jina la kipindi. Kati ya maneno yale kulikuwa na l mbili na zote zilitoka salama, ila moyo ulidunda kwa nguvu hata akaogopa maiki itauchukua.

Simu ya kwanza ikaunganishwa.

"Dada wa mahari! Oimore, habari ya jioni! Ni Nicodemus!"

Kila kitu ndani ya Waringa kikamwambia geuka, mwangalie, maiki ifungwe, uende. Shingo ikaanza kugeuka yenyewe. Macho yakaacha lile doa, yakatembea ukutani, yakafika kwenye kioo, na pale yakakutana na kiwiko. Kiwiko cha Shakir, kimeegemea meza. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi, kidole tayari, kama alivyoapa. Hakuwa na nia ya kumdanganya. Angetaka kutoka, mlango ulikuwa wazi, na aliyemfungulia ndiye ambaye angeumia zaidi kumwona akitoka.

Na kiwiko si macho. Waringa alikubaliana na nafsi yake kwamba kiwiko hakihesabiki.

"Nicodemus," alisema. "Wiki jana nilikuuliza swali na hukunijibu. Uko mahari gani?"

Ilitoka vilevile. Aliisikia ikitoka, akaiacha iende.

Nicodemus alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Niko steji ya Kondele, dada. Hata... wacha niseme ukweli. Hii wiki yote nimekuwa najisikia vibaya. Nilisikia umeacha kazi. Nikasema, sasa mimi na mdomo yangu nimefukuzisha mtoto wa watu kazi. Mos sana. Hiyo ng'ombe nilikuwa nacheza tu."

"Sikufukuzwa, Nicodemus. Tuma salamu zako."

"Natumia mama yangu Asembo Bay. Na natumia wewe."

Simu nyingine zikafuata. Ulimi ulikosea mara kadhaa, mara nyingine haukukosea, na baada ya muda Waringa alisahau kuuhesabia makosa. Kisha ikaingia sauti nzito yenye kelele za injini nyuma yake.

"Ni Kontroli huyo?"

Waringa akanyoosha mgongo. Hakuna aliyemwita hivyo tangu Muhoroni. "Wakoli?"

"Mimi! Siku hizi niko na lori ya mchanga. Dada, watu wananionyesha hiyo video yako wanacheka, mimi naangalia siioni mzaha. Hata mimi mwenyewe ulikuwa unaniuliza hivyo. Trekta imezama kwa tope, mvua imenipiga, simu inalia: Wakoli, uko mahari gani? Hata siku moja sikufikiria unataka ng'ombe. Nilikuwa najua kuna mtu ananitafuta."

Waringa akasogelea maiki, na kwa mara ya kwanza haikumtisha. Alijua yuko nani upande wa pili wa simu. Aliwajua wote, walio shambani, walio gatini, walio kwenye steji, kila mmoja yuko mahali pake anangoja kuulizwa.

"Asante, Wakoli," alisema. "Endesha polepole."

Muda ulikuwa unakwisha. Kwenye kioo alikiona kile kiwiko kikisogea na kidole kimoja kikiinuka: simu ya mwisho. Akaitikia kwa kichwa, bila kuinua macho hadi usoni mwake.

"Haro," Waringa alisema.

Ulikuja mlio wa mabati yakiburutwa. Kisha mtu akakohoa, kikohozi ambacho Waringa alikijua tangu hajajua kutembea.

"Haro? Mimi ni Kangethe. Kangethe wa vyuma, hapa Kibuye. Nataka kutuma saramu."

Waringa alisimama. Hakujua kwamba amesimama. Kisumu nzima ilikuwa inasikiliza, makanga wa Kondele, yule muuza sukuma, grupu lote la kanisa, na baba yake alikuwa amechukua ulimi wake akauweka mbele ya watu wote wale, bila kuufunika.

"Rakini nimesikia hapo mtu huurizwa swari kwanza," Mzee alisema. "Mbona mimi siurizwi?"

Waringa alikuwa na l yake tayari. Alikuwa ametulia, aliiona mbele ya mdomo, angeweza kuitamka safi kama mwalimu wa shule. Akaiacha.

"Uko mahari gani, Baba?"

Mzee Kangethe alipojibu sauti ilikuwa imelegea.

"Niko mahari pangu pa siku zote. Niko dukani. Redio imewaka." Akakohoa. "Saramu ya kwanza ni ya msichana wangu Waringa. Mwambie basi ra kesho riende tu, yeye hana safari. Mwambie mtu akicheka, acheke. Mimi nimechekwa hii town miaka mingi na bado wananunua misumari kwangu."

"Nitamwambia, Baba."

"Saramu ya piri ni ya yure kijana wa waya. Mwambie aje. Asije peke yake, aje na mamake, mtoto wa watu hakuji kama hana mtu. Chai itakuwa. Tukae chini, tuongee ire maneno ya mahari."

Waringa alishika meza. "Baba, ni mahali, ama ni mahari?"

"Wewe si mtoto wangu?" Mzee alisema. "Sasa huerewi?" Akakata simu.

Hapo Waringa aligeuka. Hakukumbuka sharti lolote, wala kiapo. Aligeuka mzima mzima na kumwangalia Shakir, macho kwa macho, kupitia kile kioo kilichobeba maneno yao yote, machozi yakimtiririka na meno yote yakiwa nje. Shakir alikuwa amesimama pia. Mkono ulikuwa juu ya swichi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Hakufunga.

Wasikilizaji walisikia mtu akipumua, akicheka, akipenga kamasi. Kisha wakasikia sauti safi, isiyo na haraka: "Mlikuwa nami, Waringa wa Kangethe. Tukutane kesho, saa kumi, mahari hapa hapa."

Wimbo ukaingia. Taa ikazima. Waringa akausukuma mlango wa kioo, akasimama upande wa fundi, upande ambao hakuwahi kusimama bila sababu.

"Nilikuangalia," alisema.

"Nimeona."

"Uliapa ukiangaliwa utafunga."

"Niliapia yule aliyekuwa anataka kutoka." Shakir alimshika mkono, sasa bila kusitasita. Kiganja chake kilikuwa na joto la mitambo. "Huyu aliyeniangalia sasa hivi hakutaka kutoka. Ama nimekosea?"

"Hukukosea."

Walikaa hivyo, kidole kwa kidole, mpaka wimbo ukafika nusu. Kisha Shakir akatoa simu mfukoni kwa mkono wa pili, maana ule wa kwanza hakuwa tayari kuurudisha.

"Mama," alisema ilipopokelewa. "Lile jambo uliloniuliza. Unaweza kuanza kuudhika."

Sauti ya Rehma ilikuwa na nguvu hata Waringa aliisikia kutoka alipo. "Nimesikiliza redio, usinieleze. Nimeshaudhika nikamaliza, na maandazi yako motoni ya kupeleka. Nipe huyo msichana."

Shakir akamnyooshea simu. Waringa akaitazama kwa hofu, hofu ileile ya zamani, ile ya kugeuza herufi, na akaipokea hivyohivyo akiwa nayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha Rehma, ambaye tangu azaliwe Kiswahili hakijawahi kumteleza mdomoni, akauliza pole pole, akilitamka neno lile vile Mzee Kangethe alivyolitamka: "Uko mahari gani?"

Waringa akamwangalia Shakir. Akaangalia viwiko vyake, ile taa nyekundu iliyozimwa, hedifoni aliyokuja kuirudisha.

"Niko hapa, Mama," alisema. "Siendi."